Toba

Pwani, mtu akishtuka husema "Toba!" hata kama hana dhambi aliyoikumbuka. Kanisani neno hilo limebanwa mno, karibu liwe la Kwaresima tu. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ni kurudi. Majuto yamo, ila kiini ni mwendo.

Waliolitendea haki ni Wakristo wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Njaa ya 1928 na 1929 iliyoikumba Rwanda ilimwacha Joe Church, daktari mmisionari wa Gahini, hoi mwili na roho. Mwaka 1929 alikwenda Kampala, akakutana na Mkristo Mganda, Simeoni Nsibambi, pale Namirembe, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika uamsho uliofuata watu waliungama hadharani, na wengine (hapa ndipo penye uzito) wakarudisha walichoiba.

Ikiwa toba ni kurudi, basi sikubaliani na wanaotenganisha toba na tumaini. Asiyetumaini kupokewa atarudi kwa nani? Nanyi wahubiri, mwaka wa ukame msiligeuze neno hili kuwa fimbo, mkawaambia wenye njaa kwamba wamejitakia.