Baada ya Majaji Kuondoka: Mashindano ya Uandishi na Hatima ya Mwandishi Chipukizi

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu aliingia ofisini akiwa na mswada wa filamu wa kurasa 94, ile kazi ambayo watu wa filamu huiita skripti. Baada ya salamu aliuweka mezani, akabaki amesimama. "Mwalimu," alisema, "kuna shindano la miswada nimeliona. Ada ya kushiriki ni dola 40. Hiyo ni hela yangu ya kula ya wiki tatu. Nishiriki au niache?"

Nilikuwa na kikao. Nilimjibu kwa haraka kwamba mashindano ni bahati nasibu, na kwamba mwenye kipaji hana haja ya kupimwa na watu asiowajua. Alishukuru kwa adabu, akachukua mswada wake, akaondoka. Jibu hilo limenisumbua tangu siku ile, kwa sababu mimi ninafundisha historia, na historia haikubaliani nalo. Makala hii ni jibu langu la pili.

Tuanzie mbali kidogo. Katika karne ya tano kabla ya Kristo, watunzi wa tanzia mjini Athens waliandika kwa ajili ya shindano. Kila mwaka, katika sikukuu kuu ya mungu Dionysus, watunzi watatu walishindanishwa mbele ya umma. Mtunzi alipeleka maombi yake kwa kiongozi wa mji. Akikubaliwa, alipewa kundi la waimbaji, na raia tajiri alibebeshwa gharama za kuliandaa. Mwaka 431 kabla ya Kristo, Euripides alishiriki akiwa na tamthiliya ya Medea. Kati ya watatu, alikuwa wa tatu. Wa kwanza alikuwa Euphorion, mwana wa Aeschylus. Leo hakuna tamthiliya iliyosalia ambayo tunaweza kusema kwa hakika kuwa ni ya Euphorion, ilhali Medea inaendelea kuigizwa duniani kote.

Wengi husimulia kisa hiki ili kuonyesha kwamba majaji hukosea. Ni kweli, hukosea. Lakini mimi naona humo funzo jingine lenye uzito zaidi. Huyo aliyeshika mkia alikuwa tayari amepewa jukwaa, waigizaji, waimbaji na maelfu ya watazamaji. Kukubaliwa kushindana kulikuwa na maana ya kazi kuonyeshwa. Kabla shindano halijawa mizani ya kumpima mtunzi, lilikuwa mlango wa kumpitisha. Na kwa mtunzi wa maigizo jambo hilo ndilo kila kitu, kwa kuwa tamthiliya, kama ulivyo mswada wa filamu, haijakamilika ikiwa bado imo katika karatasi. Mshairi anaweza kuandika, akaweka shairi lake kabatini, na likabaki shairi. Mswada ulio kabatini ni ramani ya nyumba ambayo hakuna aliyeijenga.

Tuje sasa kwetu. Mwaka 1948 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilianzisha taasisi ya uchapishaji iliyojulikana kama East African Literature Bureau. Miongoni mwa shughuli zake ilikuwa kuendesha mashindano ya uandishi. Katika shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957/58, mshindi alikuwa Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari kutoka Zanzibar, kwa kazi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale. Mwaka 1960 kazi hiyo ilitoka ikiwa kitabu, na wasomaji wa Kiswahili wakampata mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Bwana Msa aliendelea kuonekana katika riwaya nyingine kadhaa hadi miaka ya 1980, na leo hakuna anayeandika historia ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili bila kuanza naye au kumtaja mapema sana.

Tujiulize kilichomsaidia mwandishi huyo. Fedha za zawadi hutumika zikaisha. Jambo lililodumu ni kwamba aliyeandaa shindano alikuwa pia na uwezo wa kuchapisha. Kutoka meza ya majaji hadi mtambo wa uchapaji njia ilikuwa fupi.

Taasisi hiyohiyo inahusika na kisa kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitangaza shindano la riwaya, na kijana mmoja aliyekuwa akisoma Makerere akaamua kushiriki. Jina lake Ngũgĩ wa Thiong'o. Kazi aliyoiandika kwa ajili ya shindano hilo ndiyo iliyokuja kuchapishwa mwaka 1965 kwa jina la The River Between. Hapa faida ni ya namna tofauti. Mwanafunzi ana mitihani, ana njaa, ana marafiki, na kila siku anayo sababu njema ya kuahirisha sura inayofuata. Tarehe ya mwisho iliyowekwa na mtu mwingine humfanya amalize, na tofauti kubwa baina ya mwandishi na mtu mwenye wazo zuri ni kwamba mmoja amemaliza.

Nisije nikaonekana ninausifu ukoloni. Taasisi ile ilikuwa chombo cha dola, na mwenye fedha ndiye aliyeamua ni hadithi ipi inafaa kusomwa na Mwafrika. Kila shindano lina mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana vipimo vyake. Mwandishi anayeshiriki bila kujiuliza ni nani anayelipa, na kwa nini, amekwisha kukubali vipimo hivyo kabla hajaandika neno la kwanza.

Kwa upande wa miswada ya filamu hasa, mfano unaostahili kuchunguzwa uko Marekani. Mwaka 1985 Gee Nicholl, mjane wa mwandishi wa vipindi vya televisheni Don Nicholl, aliiwezesha Akademia inayotoa tuzo za Oscar kuanzisha ufadhili kwa waandishi ambao bado hawajapata jina. Kwa miaka mingi maelfu ya miswada yamegombea nafasi zisizozidi tano kwa mwaka. Mike Rich alikuwa mtu wa habari za redio huko Portland, Oregon, alipoupata ufadhili huo mwaka 1998 kwa mswada wa Finding Forrester, na miaka miwili baadaye filamu ilitoka ikiwa na Sean Connery. Susannah Grant aliupata mwaka 1992, kisha akaja kuandika Erin Brockovich. Destin Daniel Cretton aliupata mwaka 2010 kwa mswada wa Short Term 12, ambao aliugeuza kuwa filamu mwaka 2013.

Hata hivyo, kinachonivutia zaidi ya majina hayo ni masharti. Fedha hazitolewi zote kwa mkupuo. Hutolewa kwa awamu, na mshindi anawajibika kuandika mswada mpya ndani ya mwaka wa ufadhili. Akademia haichukui hakimiliki ya kazi za washiriki. Na walioishia hatua za kati hawatoki mikono mitupu, kwa kuwa kufika huko tu ni barua ya utambulisho mbele ya mawakala na watayarishaji. Tunamwona tena yule Euripides wa nafasi ya tatu.

Barani kwetu, Oktoba 2021, Netflix na UNESCO walitangaza shindano la filamu fupi zinazosimulia upya ngano za Kiafrika. Maombi yalizidi 2,000, na washindi walikuwa sita. Kila mmoja alipewa zawadi ya dola 25,000, bajeti ya dola 75,000 ya kutengeneza filamu yake, pamoja na walezi wenye uzoefu. Machi 2023 filamu zote sita zilionyeshwa. Mmojawapo ilikuwa Katope ya Mtanzania Walt Mzengi Corey, kisa cha mtoto aliyetokana na udongo. Nyingine zilitoka kwa Voline Ogutu wa Kenya na Loukman Ali wa Uganda. Mtu anaweza kuhoji, na ni haki yake, kwa nini ngano za mababu zetu zisubiri fedha za kampuni ya California ndipo ziingie kwenye skrini. Lakini hawezi kusema kwamba shindano hilo liliishia kwenye picha za ukumbini na hundi ya mbao.

Kutokana na historia hii napata maswali matatu ambayo mwandishi chipukizi anapaswa kuyauliza kabla ya kutuma kazi yake. Je, nitasomwa na watu wanaoijua kazi hii, na nitapata maoni yao hata nikishindwa? Je, baada ya majaji kuondoka kuna nini: filamu, kitabu, mafunzo, au cheti tu? Na la tatu, mswada utakuwa mali ya nani? Shindano linalojibu vizuri mawili kati ya hayo lina thamani hata kwa asiyeshinda. Lisilojibu hata moja ni biashara ya kukusanya ada.

Kwa watumishi wa umma mnaosoma hapa, nina neno moja. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023, ilianza kwa msingi sahihi: pamoja na fedha, miswada ya washindi huchapishwa kwa gharama za serikali. Hiyo ni ile njia fupi kutoka meza ya majaji hadi mtamboni. Mwandishi wa filamu naye anahitaji njia kama hiyo. Tuzo zinazotolewa kwa filamu zilizokwisha kutengenezwa ni jambo jema, lakini humfikia aliyekwisha kupata kamera. Kijana mwenye kurasa 94 na simu iliyopasuka kioo bado yuko nje. Shindano la miswada ambalo sharti lake la kwanza ni kwamba mswada bora utatengenezwa, hata kama ni filamu ya dakika 20, lingemfaa kuliko hotuba kumi kuhusu ajira kwa vijana.

Nilimwita tena mwanafunzi wangu. Nilimwomba radhi, kisha tukasoma pamoja masharti ya shindano lile, mstari kwa mstari. Kipengele cha saba kilisema kwamba miswada yote itakayotumwa, ya washindi na ya walioshindwa, itakuwa mali ya waandaaji. Alikisoma mara mbili kwa sauti ya chini, kisha akaufunga ukurasa.

Hakulipa zile dola 40. Tumepata shindano jingine lisilo na ada, linalomwachia mwandishi hakimiliki yake na kuwatumia washiriki wote maoni ya wasomaji. Tarehe ya mwisho ni tarehe 30 mwezi ujao. Jana aliniandikia kwamba ameivunja sehemu ya tatu ya mswada na anaiandika upya, na kwamba nisimtegemee kwenye semina ya Ijumaa. Nimemruhusu.