Duka mbele, sikukuu uani

Ndugu msikilizaji, historia ya miji yetu ya bara tumezoea kuisimulia kwa reli, mazao, wakuu wa wilaya na vyama vya siasa. Ni mara chache tunaisimulia kwa sikukuu, na ni mara chache zaidi kwa sikukuu zisizokuwa na gwaride wala hotuba. Juma hili nakusudia kuzungumzia sikukuu za Wahindu katika miji ya mkoa wa Singida, na hasa namna zilivyokuwa zikisherehekewa majumbani, pamoja na watoto wadogo, bila hekalu kubwa na mara nyingi bila kuhani.

Kwanza tuondoe mchanganyiko. Sisi humwita kila mwenye asili ya Bara Hindi "Mhindi", kisha tukadhani Wahindi wote wana dini moja. La hasha. Miongoni mwao wamo Waislamu wa Ismailia, Ithnaasheri, Bohora na Sunni. Wamo Wakristo wenye asili ya Goa, wamo Masingasinga, wamo Wajaini, na wamo Wahindu, ambao babu zetu waliwaita Mabaniani. Mfanyabiashara Mohammed Dewji, aliyezaliwa Singida mwaka 1975 na akawa mbunge wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015, ni Mwislamu wa madhehebu ya Shia. Kwa hiyo si kila duka la Mhindi lililokuwa likiwasha taa za Diwali.

Jina hilo la Baniani limetokana na jina la tabaka la wafanyabiashara wa Kigujarati. Katika lugha yetu limebaki hasa ndani ya methali: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Hiyo ni methali inayosifu kiatu huku ikimtukana mwenye kiatu, na nitairudia baadaye.

Wahindu wa kwanza kufanya makazi katika pwani yetu walikuwa wanaume watupu. Zama za Sayyid Said, aliyefariki mwaka 1856, nyumba ya biashara ya Jairam Sewji, Baniani kutoka Kutch, ndiyo iliyokodishwa ushuru wa forodha ya Unguja. Wafanyabiashara hao walikuja na majahazi kwa upepo wa Kaskazi, wakarudi kwa Kusi, na wake zao wakabaki Kutch na Kathiawar. Sikukuu yao ya Diwali iliangukia Oktoba au Novemba, muda mfupi kabla ya majahazi kung'oa nanga, na kwa mfanyabiashara ilikuwa siku ya kufunga hesabu za mwaka na kufungua daftari jipya. Daftari hilo hutiwa alama nyekundu, huandikwa maneno ya heri, na huombewa mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali. Ilikuwa sikukuu ya watu wazima na ya hesabu. Watoto wakati huo hawakuwapo.

Watoto walikuja na mama zao, hasa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Na kilichowaleta hadi bara ni reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Katikati ya Dodoma na Tabora ndipo zilipo Manyoni na Itigi. Miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi kutoka Manyoni kwenda Singida na kuendelea hadi Kinyangiri, kisha miaka ya 1940 likang'olewa, na ilichukua miongo kadhaa kabla ya treni kusikika tena mjini Singida. Kila penye stesheni au gulio palitokea karani na mwenye duka, na miongoni mwao walikuwamo Wahindi. Walinunua ngozi, asali, nta, karanga, samli na mbarika. Waliuza kaniki, chumvi, mafuta ya taa na majembe.

Sasa fikiria hali ya familia ya Kihindu katika kituo kama Itigi au Kiomboi. Pengine ni familia mbili au tatu tu za dini hiyo. Hekalu halijengwi kwa familia tatu. Kuhani haajiriwi kwa familia tatu. Jumuiya kubwa za Wahindu, pamoja na mahekalu yao, zilikuwa Unguja, Dar es Salaam na miji mingine mikubwa. Safari ya kwenda huko ilitaka nauli, na ilitaka duka lifungwe. Je, sikukuu ife? Haikufa, kwa sababu dini ya Kihindu tangu asili ina nusu yake nyumbani. Rafu moja ukutani yenye picha, taa ndogo, maua machache na chembe za mchele inatosha kwa ibada ya kila siku, na kwa kawaida anayeiongoza ni mama wa nyumba.

Tena nyumba zenyewe zilisaidia. Duka la bara lilikuwa mbele, lenye baraza na milango ya mbao. Familia iliishi nyuma, na nyuma zaidi palikuwa na ua. Mteja alilijua duka, lakini sikukuu ilikuwa uani.

Huko uani mtoto alipata mwaka mzima wa mambo ya kutenda. Wakati wa Diwali alisokota utambi wa pamba na kupanga vibakuli vya udongo vyenye mafuta au samli. Pasipokuwa na vibakuli, donge la unga wa ngano lililobonyezwa kwa kidole gumba linatosha kuwa taa. Kizingitini alichora maua kwa unga wa mchele na rangi. Kesho yake, ambayo kwa Wagujarati ni mwaka mpya, aliinama kugusa miguu ya wazee akapewa baraka na sarafu. Wakati wa Navaratri, yaani siku tisa kabla ya Dasera, chungu chenye matundu kiliwekwa katikati kikiwa na taa ndani, na watoto wakacheza wakikizunguka huku wakipiga makofi. Mwezi wa Julai au Agosti dada alimfunga kaka uzi mkononi, naye kaka akaahidi kumlinda. Tarehe 14 Januari ilikuwa siku ya kurusha tiara. Mwezi wa Machi ulikuwa na moto wa Holi, ambao hata mtoto mchanga aliuzunguka akiwa mikononi mwa mzazi wake.

Iko sikukuu moja ambayo haina sauti wala taa, nayo ni ya wasichana wadogo wa Kigujarati. Katikati ya mwaka msichana hupanda mbegu za ngano au shayiri katika kibakuli, huzimwagilia maji, na kwa siku tano hula chakula kisichotiwa chumvi huku akitazama miche inavyochomoza. Mkulima yeyote wa Iramba angeielewa mara moja maana ya ibada hiyo.

Hapa tunafika mahali ambapo sikukuu za mbali zilikutana na nchi ya Singida. Kathiawar na Kutch ni nchi kavu, kama ilivyo Singida. Chakula cha mkulima wa huko ni mkate wa nafaka waitwayo bajro. Bajro ndiyo uwele. Wataalamu wa mimea wanatueleza kwamba uwele asili yake ni Afrika, na kwamba ulivuka kwenda Bara Hindi maelfu ya miaka iliyopita. Hali kadhalika mbarika: mafuta yake, kwa Kigujarati, yamepewa jina linalotokana na neno la taa, kwa kuwa ndiyo yaliyowashia taa za kwao. Mama wa Kigujarati aliyefika Manyoni akiona anakwenda ugenini alikuta gunia la uwele na gunia la mbarika dukani kwa mumewe.

Lakini majira hayakufanana. Kwao Diwali huja baada ya masika, wakati wa mavuno, ghala zikiwa zimejaa. Singida Oktoba na Novemba ni mwisho wa kiangazi: vumbi limetanda, ziwa Singidani limepungua, na mkulima anatazama mawingu huku akiba ikielekea kwisha. Tiara za Januari ziliangukia msimu wa mvua. Kwa hiyo mtoto aliyeuliza kwa nini tunashukuru mavuno wakati jirani bado hajapanda, alikuwa ameuliza swali la haki, na mama alilazimika kumjibu kwa hadithi badala ya majira. Akamsimulia Rama, aliyefukuzwa kwao miaka 14 na aliporejea Ayodhya watu wakamwashia taa njia nzima. Hadithi ya mtu aliyekaa mbali na kwao ilikuwa na maana yake katika nyumba iliyoko Itigi.

Kuhusu tarehe, yafaa nieleze jambo moja. Wahindu nao hufuata mwezi mwandamo, lakini kila baada ya miaka mitatu hivi huongeza mwezi mmoja. Ndiyo sababu Idd huzunguka mwaka mzima, ila Diwali haitoki Oktoba na Novemba. Hesabu ya miaka yao imetangulia hii ya kwetu kwa miaka 56 au 57. Novemba 2023 Wagujarati waliingia mwaka wa 2080.

Msikilizaji, nisingetenda haki kama ningeishia kwenye taa na peremende. Ua ule ulikuwa na ukuta. Serikali ya kikoloni ilitupanga kwa rangi: shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waafrika. Ndani ya nyumba nyingi za Kihindu palikuwa na masharti ya jiko na ya tabaka, na Mwafrika aliyeingia uani aliingia kama yaya au mpishi. Mtoto wa yaya na mtoto wa mwenye duka waliweza kucheza pamoja barazani mwaka mzima, lakini siku ya sikukuu mmoja akawa ndani na mwingine nje. Methali ya kiatu haikutoka hewani. Ilitoka kwa watu waliokijua kiatu na hawakumjua mwenye kiatu, na pande zote mbili zilichangia kutofahamiana huko.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika haraka. Mwaka 1962 shule za ubaguzi wa rangi ziliunganishwa. Baada ya 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Lilikuwa jambo jema kwa taifa. Kwa familia ya Kihindu ya bara, lilikuwa na maana kwamba Kigujarati hakina tena darasa isipokuwa nyumbani, na kwamba siku ya Diwali, ambayo si sikukuu ya serikali hapa Tanzania, mtoto yuko shuleni kama kawaida. Sikukuu ikahamia jioni, au ikasubiri Jumapili.

Kisha ukaja mwaka 1971, sheria ilipotwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Neno bepari, ambalo kwa Kigujarati ni mfanyabiashara tu, lilikuwa limekwisha kuwa tusi la kisiasa. Hata laki ni neno lao. Familia nyingi ziliondoka bara, wengine wakaenda Dar es Salaam, wengine Uingereza na Kanada. Waliobaki walikutana na uhaba wa sukari, ngano na mafuta uliotukumba sote mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Diwali bila sukari ni jambo gumu kumweleza mtoto, lakini utambi na kijiko cha mafuta havihitaji kibali.

Waliokwenda Uingereza walikutana huko na wenzao waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Mjini Leicester, tangu miaka ya 1980, taa za Diwali huwashwa barabarani na watu hujaa kwa maelfu. Miongoni mwa wazee wanaozitazama wamo watu wa Afrika Mashariki, ambao Diwali yao ya kwanza ilikuwa katika ua wa sakafu ya udongo. Taa za Leicester ni nzuri, lakini mtoto aliyesimama katika umati huwa mtazamaji. Yule wa uani ndiye aliyewasha.

Kwangu mimi, hilo ndilo funzo la historia hii. Dini na mila za jamii ndogo hazikuhifadhiwa bara na wazee wenye vyeo. Zilihifadhiwa na akina mama waliowapa watoto kazi ndogo ndogo na kujibu maswali yao. Watu wa dini zote tunalijua jambo hilo. Mtoto wa Kiislamu huijua Idd kwa nguo mpya na kwa sinia la kupeleka kwa jirani kabla hajaijua kwa hotuba, na wa Kikristo huijua Krismasi vivyo hivyo.

Basi ninayo maombi mawili. Kwa familia za Kihindu ambazo bado zinaishi katika miji yetu: mtoto wako anapowasha taa, mruhusu amwite na mwanafunzi mwenzake aje awashe ya pili. Haigharimu kitu, na inabomoa kipande cha ule ukuta. Kwa walimu wetu wa historia, hasa wa Manyoni, Iramba na Singida Mjini: watumeni wanafunzi wakawaulize wazee, waliokuwa na maduka na waliokuwa mayaya, nini kilitokea nyuma ya maduka yale. Majengo yenyewe mengine yamekwisha kubomolewa, na wazee hao hawawi wengi zaidi kila mwaka upitao.

Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.