Kanda za Guka, Kompyuta Moja na Nyimbo 12 Zilizokufa

Wasee, kuna historia hatukufunzwa shule: vile muziki hufa.

Mwezi uliopita Guka aliniomba nimchezee nyimbo zake za zamani. 2009 buda alipeleka kanda zake zote kwa saiba moja hapa Kutus, zikageuzwa kuwa MP3, zikawekwa kwa kompyuta ya nyumbani. Kanda zenyewe zikatupwa. Za nini tena na kompyuta iko? Nyimbo 43. Nikafungua folda: zingine zinakwaruza, zingine kimya kabisa, zingine hazifunguki.

Turudi nyuma kidogo. Joseph Kamaru, mtu wa Kangema, Murang'a, alitamba 1967 na "Celina", wimbo aliouimba na dadake. Wakati huo muziki ulikuwa santuri. Santuri ikikwaruzwa inaruka, lakini wimbo bado unausikia. Kisha kaseti, ambazo Philips walitoa 1963, zikafika mpaka vijijini. Kanda ikiliwa na redio, unairudisha na biro. Ikizeeka, sauti inafifia pole pole. Yaani vitu vya zamani vilikuwa vinakupa onyo kabla ya kufa.

MP3 ikaja na tabia tofauti. Ilitengenezwa Ujerumani na watu wa Fraunhofer na wenzao, na hilo jina la .mp3 likachaguliwa Julai 1995. Ujanja wake ni kutupa sauti ambazo sikio lako halingezishika, ndio faili iwe ndogo. Halafu wimbo unakatwa vipande vidogo sana, kila kimoja kama sehemu 26 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Kila kipande kina kichwa chake cha kuambia kompyuta, "anzia hapa".

Hiyo ndiyo iliniokoa. Kipande kimoja kikiharibika, programu kama VLC inakiruka na kutafuta kichwa kinachofuata. Unasikia "kri", wimbo unaendelea. Kwa hivyo kama programu moja imekataa faili, usifute. Jaribu nyingine.

Lakini kwanza kabisa, kabla hujagusa chochote, nakili folda nzima kwa diski nyingine. Diski inayokufa haingoji umalize kujaribu. Kisha angalia ukubwa wa kila faili. Ikisoma 0, hiyo ni jina tu, ndani hamna kitu. Ikiwa na ukubwa wa kawaida lakini iko kimya, pengine stima ilipotea au flashi iling'olewa wakati wa kunakili: kompyuta ilikuwa imeshatenga nafasi, muziki wenyewe haukufika. Hiyo hakuna fundi atakurudishia, labda upate nakala ya mahali faili ilitoka.

Kuna zenye hazikuwa zimeharibika hata. Unakumbuka virusi vya saiba, vile vya kuficha folda zako na kukuachia njia za mkato za uongo? Mafaili yalikuwa hapo tu, yamefichwa. Niliambia kompyuta ionyeshe vilivyofichwa, nikapata nyimbo 9 papo hapo.

Mwishowe nikaokoa 31. Zilizobaki, 12, zimeenda.

Sasa hapa ndipo historia inauma. Kati ya hizo 12, kadhaa zilikuwa za Kamaru, na hizo sikulia. Mjukuu wake, anayeitwa Joseph Kamaru pia, wengi mnamjua kama KMRU, alichukua kazi ya babu yake akaiweka Bandcamp. Kamaru aliaga Oktoba 2018, lakini nyimbo ziko, na unaweza kuzinunua leo. Hata wale walionakili kaseti River Road bila kulipa wasanii, na ule ulikuwa wizi, tusiupake rangi, waliacha nakala nyingi kwa nyumba nyingi. Wimbo maarufu una watu wengi wa kuuokoa, wezi na wajukuu.

Lakini faili moja ilikuwa ya harusi ya Guka na Cucu, sherehe ya kanisani walipobariki ndoa wakiwa tayari na watoto wanne. Wamama wanaimba, na katikati Cucu anacheka. Cucu hayuko tena. Faili inasoma 0. Hakuna River Road ilinakili hiyo. Hakuna Bandcamp.

Guka aliuliza, "Na ile ya harusi?" Nikamwambia bado naitafuta. Sijui nitamwambia ukweli lini.

Watu husema dijitali haizeeki. Mimi naona tulidanganyana. Kilichookoa muziki wa huku mlimani siyo santuri, siyo kaseti, siyo MP3. Ni idadi ya nakala. Tulipotupa kanda tukabaki na kompyuta moja, tulirudi nyuma kuliko 1967, kwa sababu hata enzi hizo santuri ya Kamaru ilikuwa kwa jirani pia.

Kwa hivyo leo jioni, tafuta ile rekodi ya nyumbani kwenu ambayo haiko mahali pengine popote. Iweke sehemu tatu: kompyuta, flashi, na simu ya binamu anayeishi mbali. Na kama kanda bado ziko kwa kabati ya Guka wako, hata ukishazigeuza, tafadhali usizitupe.

Ya kwenu iko wapi? Niambie hapo chini.