Fuvu la Mkwawa: ahadi iliyokaa kapuni miaka 34

Kitu kikisahaulika, Waingereza husema kinakusanya vumbi. Sisi tunasema kimewekwa kapuni. Kuna ahadi moja ya namna hiyo iliyomhusu Mkwawa, na mwisho wake uko Kalenga, nje kidogo ya Iringa mjini.

Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 ili Wajerumani wasimkamate hai. Mwaka 1891, pale Lugalo, Wahehe walikuwa wamewachapa na kumuua kamanda wao, Zelewski. (Huku Mbeya habari hii tunaisimulia kwa sauti ya chini: Merere wa Usangu alikuwa upande wa Wajerumani.) Mkwawa alikatwa kichwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Halafu ukaja Mkataba wa Versailles wa 1919. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la "Sultani Mkwawa" ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Hebu fikiria, mkataba uliofunga Vita Kuu ya Kwanza unataja fuvu la mtu wa Uhehe! Ulianza kutumika Januari 1920. Julai ikafika, fuvu hakuna. Wajerumani wakasema hawalijui, na Waingereza nao mwishowe wakanyamaza.

Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, yaliyokuwa na mafuvu kama 2,000. Yale ya Afrika Mashariki yakatengwa, ukapigwa uwiano wa upana na urefu wa kila moja, kisha ukalinganishwa na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Likachaguliwa moja lililokaribiana nao, lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 Twining akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa.

Kisayansi, hapo pana shida. Uwiano huo hautambui mtu. Maelfu ya watu wanaweza kuwa nao sawasawa. Tundu la risasi linasaidia, ila waliopigwa risasi ya kichwa katika vita zile hawakuwa mmoja. Na 1953 ndio mwaka ambao Watson na Crick walichapisha umbo la DNA. Kuitumia kutambua watu kulikuja miaka ya 1980.

Leo kipimo kipo. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitumia DNA kuunganisha mafuvu ya Kilimanjaro na ndugu walio hai. La Kalenga, mimi naona, ni la ukoo kuamua, siyo maabara. Wameshalipokea na kulililia. Ila kama silo, basi la Mkwawa bado liko kwenye boksi mahali fulani, na hili la Kalenga lina ndugu zake wengine kabisa.