UZI: Watoto wenye Down huzeeka pia

Kila kampeni Mombasa utasikia ati "tutawajali watoto walemavu." Watoto tu. Wakifika miaka 50 je?

Historia kidogo. Hali hii ilielezwa 1866 na daktari Mwingereza, John Langdon Down. 1959 Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake wakatangaza chanzo: kromosomu ya 21 ziko tatu badala ya mbili. Marekani, mapema miaka ya 1980, wastani wa kuishi kwao ulikuwa kama miaka 25. Leo ni karibu 60, na upasuaji wa moyo umechangia pakubwa. Yaani hili swali la uzee ni jipya kila mahali, si kwetu tu.

Sasa hebu ingia Kibokoni. Mtu wa miaka 48 aanza kupotea njia ya msikitini aliyoizoea tangu utotoni. Jirani husema "ndivyo alivyo." Sivyo! Huenda tezi ya shingo imelegea, au ni mtoto wa jicho, au masikio. Yote yana matibabu. Au kweli ni Alzheimer, ambayo kwao huja mapema kwa sababu jeni moja inayohusika iko kwenye kromosomu hiyohiyo ya 21.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inawataja watu wenye ulemavu bila kuweka umri. Tangu 2013 hospitali zetu nyingi ziko chini ya kaunti. Kwa hivyo mgombea akija barazani, mwulizeni: tezi ya mtu huyu itapimwa wapi, kila mwaka, kwa pesa za nani? Mamake anayempeleka kliniki ana miaka 75.