Hatua za Baba kwenye Lami

Mwaka 1966 baba yangu alikuwa utingo kwenye njia ya Zambia. Kazi yake kubwa ilikuwa gogo. Lori likisimama mlimani, aliruka kabla halijaanza kurudi nyuma, akalisukumiza gogo chini ya tairi. Breki ya kwanza ilikuwa mguuni mwa dereva, ya pili ilikuwa mikononi mwa baba.

Njia ile ilizaliwa na siasa. Novemba 1965 Waziri Mkuu Ian Smith alijitangazia uhuru kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na kabla mwaka haujaisha mafuta ya Zambia yaliyopitia kusini yakakatika. Mapipa yakaanza kupakiwa Dar es Salaam, yakapita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, na malori yakarudi na shaba. Wazungu waliiita Njia ya Jehanamu. Ilikuwa vumbi kiangazi, tope masika, na huku kwetu Iringa lami hakuna. Baba husema kwamba masika lori halikusimama, lilizama. Ajali zilikuwa nyingi, hasa makorongoni na kwenye miteremko, lakini sehemu kubwa ya safari mwendo ulikuwa wa baiskeli. Mtu akikatiza mbele, dereva alikuwa na nafasi ya kumwona, kumtukana na kusimama.

Bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta Ndola mwaka 1968. Miaka michache baadaye lami ikakamilika, na baba akawa dereva. Anaikumbuka kama sherehe: usukani mwepesi, mgongo hauumi, mshale wa mwendo unagusa 80 na lori limenyamaza. Hakuna aliyewaambia madereva wale kwamba umbali wa kusimama nao umebadilika. Hilo linaniuma mpaka leo. Walipewa barabara mpya, wakabaki na macho ya barabara ya zamani.

Baba aliambiwa na mbuzi. Alikuwa ametoka Mikumi, anakaribia Ruaha Mbuyuni na shehena kamili, kundi likaingia barabarani. Alikanyaga breki kwa nguvu zote, na bado lori lilipita katikati ya kundi. Alipomaliza kuelewana na mchungaji, alifanya jambo ambalo mwenzake aliliona la ajabu: alirudi nyuma kwa miguu, akazihesabu hatua za alama nyeusi za matairi. Zilikuwa 58. Tope halikuwahi kumwonyesha kitu hicho, maana tope hujifuta. Lami inaandika.

Mimi ni mwalimu wa udereva, na kila kundi la wanafunzi naanza nalo kwenye hatua hizo. Tuna kipande cha barabara ya zamani kisichopita magari, na gari kuukuu linaloacha alama. Mwanafunzi akimbie 20, nipige kelele, akanyage breki, wenzake wapime. Halafu 40. Kabla ya mara ya pili nawauliza alama itakuwa ndefu kiasi gani, na karibu wote husema mara mbili. Inakuja mara nne. Wengine hurudia kupima wakidhani wamekosea. Breki haipambani na mwendo tu, inapambana na nguvu ambayo gari limejikusanyia, na nguvu hiyo hukua kwa mwendo kuzidishwa kwa mwendo.

Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na hadi leo tunafundisha 50 kwenye makazi ya watu, 80 kwa mabasi na malori. Wanafunzi wanakuja wakiamini kibao cha 50 kimewekwa kwa ajili ya askari mwenye tochi. Nawapa hesabu ya gari dogo lenye breki nzuri, lami kavu, dereva anayechukua sekunde moja kushtuka. Akiwa na 50, atasimama ndani ya mita 28 hivi. Mwenzake wa 80 anahitaji kama mita 57. Lakini ubaya wenyewe uko hapa: pale ambapo wa 50 amesimama kabisa, wa 80 ndio kwanza breki imeanza kushika, na bado anakwenda zaidi ya 70. Mtoto aliyesimama hapo ni yule yule.

Lori linadai zaidi, kwa sababu upepo lazima usafiri kwenye mabomba kabla breki haijabana. Na mteremko wa Kitonga ni somo la peke yake. Ukishuka pale kwa breki tupu zinapata moto hadi zinaacha kushika, ndiyo maana wazee walirithishana neno moja: gia uliyopandia ndiyo ushukie nayo.

Baba alikuja kututazama siku moja na fimbo yake. Wanafunzi wakamwamkia, shikamoo babu, wakaendelea kupima alama ya 40.

“Mwalimu, hatua 13!”

Baba hakujibu. Akaipita alama nyeusi, akaendelea kurudi nyuma kwenye lami isiyo na kitu, taratibu, mpaka mahali gari lilipokuwa wakati nilipopaza sauti. Akachomeka fimbo kwenye ufa.

“Anzieni hapa kuhesabu, wanangu. Hapa ndipo mimi nilipowaona wale mbuzi.”