Shule ya Malangali: Historia Yake na Funzo Lake kwa Wana-Ushirika



Kamati iliyoandaa kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu iliniagiza niandike habari za elimu katika Nyanda za Juu Kusini. Jambo hilo ni pana na kurasa nilizopewa ni chache. Kwa hiyo nimechagua shule moja tu, yaani Shule ya Sekondari ya Malangali, ambayo wazee wengi wa Iringa na Mbeya wanaijua kwa jina lake. Huenda msomaji akauliza: historia ya shule yahusiana nini na mizani, magunia na pembejeo? Namwomba avumilie mpaka mwisho, kwa maana mwaka huu vyama vyetu vya msingi vimeleta hoja ihusuyo watoto wetu, na hoja hiyo haiwezi kuamuliwa vema na watu waliosahau yaliyopita.

MAHALI PENYEWE

Malangali imo katika Wilaya ya Mufindi, magharibi ya barabara kuu itokayo Mafinga kwenda Makambako na Mbeya. Nyuma yake ni miinuko yenye ukungu na baridi kali ya mwezi wa Juni na Julai. Mbele yake ardhi yateremka kuelekea tambarare za Usangu. Hapo nchi za Wahehe, Wabena na Wasangu zinakaribiana, na shule ilipofunguliwa, watoto wa makabila hayo ndio waliojaza madawati yake.

Tukumbuke walikuwa watoto wa nani. Babu zao walipigana na Wajerumani kule Lugalo mwaka 1891, wakaona kifo cha Mtwa Mkwawa mwaka 1898, na baadhi yao wakaingia katika vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Shule zilizotangulia katika nchi hizi zilikuwa zaidi za misheni, kama ile ya Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891, na ile ya Wakatoliki wa Tosamaganga karibu na Iringa. Serikali yenyewe ilichelewa kufika na kitabu; ilikuwa imetangulia kufika na bunduki.

JARIBIO LA BWANA MUMFORD

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika ya Mashariki ikichunguza elimu ya Waafrika. Ilishauri kwamba elimu ilingane na maisha ya wananchi: kilimo, afya, na kazi za mikono. Mwaka 1925 Serikali ya Uingereza ilitoa waraka wenye mawazo hayo hayo. Mwaka huo huo Gavana Donald Cameron aliwasili Tanganyika, na mwaka 1926 akaleta sheria ya kutawala kwa kupitia machifu. Ndipo zikatakiwa shule za kuwatengeneza watawala hao wa kienyeji. Tabora ilifunguliwa mwaka 1925. Malangali ikafuata mwaka 1928.

Mkuu wa Malangali alikuwa Bwana W. Bryant Mumford, Mwingereza mwenye fikra zake mwenyewe. Aliona kwamba shule nyingi zilimtoa mtoto kwao bila kumfikisha popote, na akataka shule iwe kama kijiji. Wanafunzi walivaa nguo za asili badala ya kaptura na shati. Wazee wa makabila waliletwa shuleni kuwafundisha vijana historia, mila na desturi zao. Palikuwapo ngoma, palikuwapo kurusha mikuki, palikuwapo ng'ombe wa kuchungwa na mashamba ya kulimwa, pamoja na kusoma, kuandika na hesabu. Mwaka 1930 Bwana Mumford aliandika habari za shule hiyo katika jarida la wataalamu liitwalo Africa, na jina la Malangali likajulikana kwa wakuu wa elimu wa nchi nyingine.

Walakini jaribio hilo halikudumu. Malangali ikageuka kuwa shule ya Serikali kama nyingine. Yafaa tuulize sababu, kwa kuwa kwa nje mpango ule wapendeza: nani miongoni mwetu atasema ni vibaya mtoto kujua ngoma za babu yake, au kushika jembe?

Mimi naona hivi. Mzazi aliyempeleka mwanawe shuleni mwaka 1928 hakuwa na haja ya kufundishiwa mwana kuchunga ng'ombe, kwa maana kazi hiyo alikuwa akiijua na kuifundisha mwenyewe. Alikuwa amekwisha kuona kwamba karani aliyekaa bomani na kalamu ndiye aliyeandika kodi, na kwamba yule asiyejua kusoma alilipa alichoambiwa. Aliitaka ile kalamu. Akaletewa mkuki, tena ule ule ambao serikali iliyotangulia ilikuwa imemnyang'anya baba yake. Hata kama nia ya mwalimu ilikuwa njema, na sina sababu ya kuitilia shaka, neno moja lilikosekana: mpango mzima ulitungwa juu, na mzazi hakuulizwa anataka mwanawe ajue nini.

TANGU UHURU

Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, shule zilikuwa bado zimegawanywa kwa rangi. Katika mji wa Iringa, mwishoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa imejengwa shule kubwa ya St. Michael's and St. George's kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Mwaka 1962 ubaguzi huo uliondolewa kwa sheria. Baadaye majengo yale ya Iringa yakawa Shule ya Sekondari ya Mkwawa, kisha chuo cha ualimu, na tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina la mtawala aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo leo limeandikwa kwenye lango la chuo wanamosomea walimu wetu.

Karo ya sekondari ilifutwa mwaka 1964, na wanafunzi wakawa wanachaguliwa kwa mtihani na kupangiwa shule mbali na makwao. Hivyo Malangali, iliyoanza kwa kuwafunga vijana katika kabila zao, ikawa mahali pa kuwachanganya vijana wa nchi nzima. Maisha ya shule za bweni za aina hiyo wengi wetu tunayafahamu: kengele ya alfajiri, mchakamchaka katika umande, zamu za usafi, ugali na maharagwe, viranja wakali, na masomo ya jioni. Mtoto wa mvuvi alilala kitanda cha juu, na mtoto wa mfugaji kitanda cha chini.

Mwezi wa Machi mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Akaagiza kila shule iwe na shamba, na akaonya kwamba elimu iliyorithiwa ilimfundisha kijana kujiona bora kuliko wakulima waliomlipia. Kwa mara ya pili jembe likarudi shuleni. Lakini tofauti ilikuwapo. Jembe la mwaka 1928 lilimwambia kijana abaki alipo. Jembe la mwaka 1967 lilimwambia kwamba yeye na mkulima ni kitu kimoja, naye pia atasoma fizikia. Hata hivyo, penye mwalimu aliyelifanya shamba kuwa adhabu, mwanafunzi alilichukia jembe vile vile.

FUNZO KWA USHIRIKA WETU

Ndugu Wanachama, sisi nasi tumepata kutungiwa mambo juu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kwa amri, na wakulima waliovijenga hawakuulizwa. Ilibidi itungwe sheria ya mwaka 1982 ili virudi, na imani ya mkulima ilirudi polepole kuliko sheria. Chama chetu chenye umri wa miaka kumi ni mtoto wa historia hiyo.

Tena chama hakiendi bila elimu. Nitatoa mfano mmoja unaonihusu. Siku moja ya kupokea mahindi, mzee mmoja mwanachama aliniomba nimsomee stakabadhi yake. Nikamsomea. Akaniomba tena, nikarudia. Kisha akamwita mjukuu wake, msichana wa kidato cha pili, akampa karatasi ile aisome kwa sauti mbele yangu. Kilo zikawa ni zile zile, mzee akashukuru, akaenda zake. Wenzangu walidhani nimefedheheka. Kwa kweli moyo uliniuma kidogo, lakini usiku ule nilifikiri nikaona kwamba yule msichana ni mkaguzi bora kuliko wote tuliopata kuwa nao. Katibu asiyesomwa na mtu ni hatari kwa chama, hata akiwa mwaminifu.

Sasa kuhusu hoja iliyoletwa. Tangu mwaka 2004 sekondari za kata zimejengwa kwa wingi, na tangu mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imeondolewa. Hatua hizo ni kubwa. Lakini umbali haukuondolewa pamoja na ada, na wako mabinti zetu waendao mwendo mrefu gizani asubuhi na jioni, na wengine huacha masomo njiani. Baadhi ya vyama vya msingi vimependekeza tutenge sehemu ya ziada ya mwaka ili kujenga hosteli ya wasichana. Wengine wanasema fedha ya mahindi irudi kwenye mahindi, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwa maana bei ya mbolea yaumiza kila nyumba.

Mimi ni mtumishi wenu, na uamuzi ni wa Mkutano Mkuu. Rai yangu ni kwamba hosteli ijengwe, ila tusirudie kosa la Malangali. Kabla ya kuchora ramani, kila chama cha msingi kiitishe mkutano wa wazazi. Akina mama waulizwe, na wasichana wenyewe waulizwe: wapi, lini, chini ya mlezi gani, na kwa mchango kiasi gani. Majibu yao yaandikwe katika daftari na kusomwa mbele ya Mkutano Mkuu kama isomwavyo hesabu ya fedha. Kama wakisema hapana, basi iwe hapana, nasi tutatafuta njia nyingine.

Mwaka wa 2028 Malangali inatimiza miaka mia moja. Nayo hoja ya hosteli i mezani kwetu mwaka huu. Nawaomba kila mmoja aje mkutanoni amekwisha kuzungumza na watoto wa nyumbani kwake.

Wenu katika Ushirika,
Katibu